Mtama Haukandwi, Humiminwa: Majaribio ya Kuoka Wakati wa Kiangazi Usukumani

Mvua za mkoa wa Shinyanga huanza kunyesha mnamo Novemba na kukoma kati ya Aprili na Mei. Baada ya hapo hufuata kiangazi kirefu. Mtama na mahindi huwa vimekwisha vunwa, viazi vitamu huchimbwa, mihogo humenywa na kuanikwa, na mpishi wa nyumbani huwa na nafasi ya kujaribu mapishi ambayo hakuyawahi wakati wa kilimo. Katika vitongoji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, mkate, maandazi na chapati ni biashara ya kila asubuhi, nayo hutegemea unga wa ngano.

Lakini ngano haistawi katika nyika za Usukumani. Ngano ya Tanzania hulimwa hasa katika nyanda za juu zenye baridi, kama vile Hanang, Kilimanjaro Magharibi na mikoa ya kusini, na mavuno yake hayatoshi. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje. Kwa hiyo ni jambo la kawaida kwa mpishi mwenye debe la mtama nyumbani kujiuliza: kwa nini asitengeneze mkate kwa unga alio nao? Akijaribu, aghalabu matokeo humvunja moyo. Donge la mtama halivutiki, hukatika mikononi, na mkate wake hutoka mzito kama tofali, tena wenye nyufa.

Kosa hilo si la mpishi wala si la mtama. Ni kosa la kuutaka mtama ufanye kazi ambayo haukuumbiwa. Makala haya yanaeleza sababu, pamoja na majaribio machache yanayoweza kufanywa katika jiko la nyumbani au katika chumba cha Sayansi Kimu shuleni.

Kanuni ya kila jaribio

Mpishi anayebadilisha unga, maji, hamira na moto kwa siku moja hawezi kujua ni kipi kilichoharibu au kutengeneza mkate wake. Kanuni ya kwanza ya jaribio ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kanuni ya pili ni kuwa na kielelezo cha kulinganishia, yaani mkate uliotengenezwa kwa namna ya kawaida, siku ile ile na kwa moto ule ule. Kanuni ya tatu ni kupima na kuandika. Kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, rula ya shule, saa na daftari vyatosha. Mkate ulioanguka, kama umeandikwa vizuri, hufundisha sawa na mkate ulioumuka.

Jaribio la kwanza: siri iliyomo katika ngano

Wanafunzi wachukue vijiko 10 vya unga wa ngano, waukande kwa maji kidogo kwa muda wa dakika 10 hadi uwe donge laini, kisha waliache litulie kwa nusu saa. Baadaye donge hilo lioshwe polepole katika bakuli la maji, huku likiminywa kwa vidole. Maji yatageuka kuwa meupe kama maziwa. Yamwagwe na kubadilishwa mara kadhaa, hadi yabaki maangavu. Kitakachosalia mkononi ni kitu cha rangi ya kijivu, chenye kunata na kuvutika kama mpira.

Matone machache ya ayodini, ile dawa ya vidonda inayopatikana katika maduka ya dawa, yakidondoshwa katika maji meupe, maji hayo hugeuka kuwa na rangi ya buluu iliyokaribia weusi. Hiyo ndiyo dalili ya wanga. Kile kilichobaki mkononi kwa sehemu kubwa si wanga bali ni protini, nayo huitwa gluteni. Mtaliana Jacopo Beccari alieleza njia hii ya kuiosha ngano katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1745, na hadi leo haijapatikana njia iliyo rahisi zaidi kwa darasa.

Jaribio lirudiwe kwa unga wa mtama. Safari hii donge lote litamomonyoka ndani ya maji, na mkononi hakutabaki kitu ila makapi. Mtama una protini, tena si haba, lakini protini yake haishikani kuwa wavu. Mahindi, mchele na mihogo ni vivyo hivyo.

Umuhimu wa wavu huo hufahamika tunapoukumbuka mkate wenyewe. Hamira ni mkusanyiko wa viumbe hai vidogo mno ambavyo hula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi. Katika ngano, gluteni huzuia hewa hiyo katika maelfu ya vipovu, kama vile mpira wa puto unavyozuia pumzi. Katika mtama hewa hutoka vile vile, ila haina kitu cha kuizuia. Hupenya katika nyufa na kupotea.

Jaribio la pili: kuchanganya kwa vipimo

Mwaka 1964 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa kuchunguza unga mchanganyiko, kwa shabaha ya kuzisaidia nchi zisizolima ngano nyingi. Uchunguzi wa namna hiyo katika nchi mbalimbali ulionyesha kuwa sehemu moja hadi mbili katika kila sehemu 10 za ngano yaweza kuondolewa na kujazwa kwa unga wa mihogo au nafaka nyingine, na mlaji asione tofauti kubwa.

Darasa laweza kulithibitisha jambo hili lenyewe. Itengenezwe mikate minne midogo, kila mmoja wa vijiko 20 vya unga: wa kwanza ngano tupu, ambao ndio kielelezo, wa pili ngano vijiko 18 na mtama 2, wa tatu ngano 16 na mtama 4, na wa nne nusu kwa nusu. Hamira, chumvi, sukari na muda wa kuumua visibadilike. Unga wa mtama hunywa maji kwa namna yake. Kwa hiyo maji yaliyotumika yaandikwe kwa kila mkate. Baada ya kuoka, kila mkate upimwe kimo kwa rula na kukatwa katikati ili vipovu vionekane. Kwa kawaida mikate mitatu ya mwanzo hukaribiana, na wa nne huwa mfupi na wenye kupasuka.

Kwa muuza maandazi, hesabu hii ni fedha. Anayetumia kilo 10 za ngano kwa juma na akaweza kuondoa kilo moja na nusu pasipo wateja kulalamika, huokoa bei ya kilo hiyo na nusu kila juma, akatoa tu gharama ya mtama alioutia badala yake.

Jaribio la tatu: donge ligeuke kuwa rojo

Je, ngano ikikosekana kabisa? Jibu la swali hili lilikwisha patikana zamani katika majiko ya Afrika Mashariki na jirani zake. Vitumbua vya pwani hutengenezwa kwa mchele na hamira, bila ngano, navyo huumuka vizuri. Mkate wa kumimina, unaopikwa Zanzibar na Mombasa, ni wa mchele pia. Ethiopia wana injera ya tefu, na Sudan wana kisra ya mtama. Vyakula hivi vyote vinafanana kwa jambo moja: hakuna hata kimoja kinachokandwa. Vyote ni rojo linalomiminwa. Rojo la vitumbua hushikwa na kuta za kikaango chake hadi joto linapougandisha wanga. Kazi inayofanywa na gluteni katika ngano, hapa hugawanywa baina ya chombo na wanga ulioiva.

Wanga mbichi ni chembe ngumu zisizonata. Zikipata maji na joto, kwa mtama kiasi cha nyuzi 70 za Sentigredi hivi, hufura, hunywa maji na kuwa gundi. Kila apikaye uji huliona badiliko hilo, pale maji yanapogeuka ghafla kuwa mazito. Gundi hiyo yaweza kusaidia kuzuia hewa.

Yatengenezwe marojo mawili ya vijiko 20 vya unga wa mtama mweupe uliokobolewa. Katika la kwanza unga wote utiwe mbichi. Katika la pili vijiko 4 vipikwe kwanza kuwa uji mzito, uji upoe hadi uwe vuguvugu, kisha uchanganywe na vijiko 16 vilivyobaki. Marojo yote mawili yapate jumla ile ile ya maji, hamira na sukari, na yamiminwe katika makopo yaliyo sawa, yaliyopakwa mafuta. Baada ya saa moja, kimo kipimwe. Katika rojo lisilo na uji, unga huelekea kutuama chini na hewa kupasukia juu. Lile lenye uji huwa zito na laini, na vipovu vyake hudumu kwa muda mrefu zaidi. Mtama mweupe unafaa zaidi kuanzia, kwa kuwa mtama mwekundu wenye ukakasi una tanini nyingi, ambazo hushikana na protini na kuupa mkate uchungu.

Hali ya hewa nayo ni mshiriki katika jaribio. Mchana wa kiangazi, joto la Shinyanga likiwa karibu nyuzi 30, hamira hufanya kazi upesi. Usiku wa Juni na Julai baridi huipunguza kasi, na rojo lililokorogwa jioni laweza kungoja hadi alfajiri. Lakini maji yaliyokaribia kuchemka huiua hamira. Chupa tatu zenye hamira na sukari, moja ya maji ya mtungini, moja ya maji vuguvugu na moja ya maji ya moto sana, zikifungwa puto mdomoni, zitaonyesha jambo hilo katika muda usiozidi saa moja.

Mihogo: jaribio lisilohitaji kubahatisha

Katika majaribio ya mtama, kosa huleta mkate mbaya. Katika mihogo michungu, kosa laweza kuleta kilema. Mihogo ina kemikali iitwayo linamarini. Seli za muhogo zinapovunjika, kimeng'enya kilichomo humo humo huigusa linamarini, na mwisho wake hutoka sumu ya sianidi. Sumu hiyo ni rahisi kupotea hewani ikipewa nafasi. Kuloweka kwa siku kadhaa, kuvundika, kutwanga na kuanika, zile hatua za kutengeneza udaga, ni njia za kuzivunja seli ili sumu itoke kabla ya chakula kufika mdomoni. Anayemenya na kuanika haraka vipande vinene bila kuloweka huukausha muhogo pamoja na sumu yake.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa uitwao konzo ulizuka wilayani Tarime, katika mkoa wa Mara. Watu walipooza miguu kwa ghafla na hawakurudia hali yao ya kwanza. Wataalamu wa Tanzania na wenzao wa kutoka nje waliouchunguza waliona kuwa njaa ilikuwa imewalazimu watu kula mihogo michungu iliyotayarishwa kwa haraka mno, huku mlo ukiwa na upungufu wa protini. Hatua zilizofupishwa hazikuwa za mapambo. Zilikuwa ndizo kinga.

Kwa unga ambao haujulikani umetayarishwaje, iko njia ya ziada iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Unga hutiwa katika bakuli na kimo chake kutiwa alama. Maji huongezwa huku yakikorogwa. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Hapo hutandazwa kwenye sinia au mkeka safi kwa unene usiozidi sentimita moja, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu hupikwa siku hiyo hiyo. Sianidi hushuka hadi kufikia theluthi moja au chini yake. Njia hii huongezwa juu ya kuloweka, haichukui nafasi yake. Wanafunzi wasionje kamwe mihogo michungu mibichi kwa ajili ya kuilinganisha.

Jaribio la nne: michembe na matobolwa

Viazi vitamu haviwezi kukaa muda mrefu, na Wasukuma walilitatua tatizo hilo kwa njia mbili. Michembe ni viazi vibichi vilivyosinyaa kidogo, vikakatwa vipande na kuanikwa. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa. Vyote huliwa katika miezi ya uhaba.

Matobolwa huwa na utamu wa pekee, na sababu yake ni kimeng'enya kinachoitwa amilesi. Kiazi kinapopashwa moto polepole, kimeng'enya hiki hupata nafasi ya kugeuza wanga kuwa sukari, hasa joto linapopita kati ya nyuzi 60 na 75. Joto likizidi sana, chenyewe huharibika. Viazi viwili vya ukubwa mmoja na vya shina moja vitoshe kwa jaribio: kimoja kianzishwe katika maji baridi juu ya moto mdogo, kingine kikatwe vipande vyembamba na kutumbukizwa katika maji yanayotokota. Waonjaji wafumbwe macho, na kila mmoja aandike kipi ni kitamu zaidi kabla ya kusikia jibu la mwenziwe. Viazi vilivyopondwa vyaweza kutiwa katika rojo la mtama, vikaleta sukari na ulaini kwa pamoja. Ikiwa ni viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, huleta pia kiini cha vitamini A. Lakini jua kali na kukaa ghalani kwa muda mrefu hukipunguza, na kwa hiyo ni bora vikaushwe kivulini penye upepo, viliwe mapema.

Moto: rafiki na adui

Pasipo tanuri, njia ya kupalia yatosha: mchanga mkavu hutandazwa chini ya sufuria kubwa, kopo la rojo huwekwa juu ya mchanga, sufuria hufunikwa kwa bati, na makaa hugawanywa chini na juu. Mchanga hupokea joto na kulitoa taratibu, hivyo chini hakuungui kabla ya katikati kuiva. Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwa nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwa hiyo sehemu ya ndani ya mkate, maadamu ina unyevu, haipiti joto hilo, ilhali ganda la nje hukauka, hupita nyuzi 140 na kuwa la kahawia lenye harufu nzuri.

Lakini makaa yaliyokolea hupita nyuzi 600, na hapo ndipo lipo jambo linalowahusu hasa wakazi wa ukanda wa dhahabu. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasia dhahabu, huchemka kwa nyuzi 357. Jiko lile lile linalooka mkate laweza kuigeuza zebaki kuwa mvuke usioonekana na usio na harufu. Mvuke huo huvutwa na kila aliye karibu, hugandama ukutani na vyomboni, na hudhuru ubongo, mafigo na mtoto aliye tumboni. Kijiji cha Rwamagasa, wilayani Geita, kilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, unataka matumizi hayo yapunguzwe na, inapowezekana, yakomeshwe.

Kanuni ya jikoni ni fupi. Dhahabu isichomwe kamwe nyumbani wala karibu na watoto. Kikaango, kijiko au sufuria iliyowahi kushika zebaki isirudi tena kupika chakula, hata ikisuguliwa kwa mchanga mara ngapi. Na sufuria kuukuu inayouzwa kwa bei ya chini kuliko kawaida katika soko la machimboni iulizwe kwanza ilikotoka.

Mtama, mihogo na viazi vya Usukumani si ngano iliyopungukiwa. Kila kimoja kina tabia yake, na tabia hiyo hujulikana kwa kuijaribu kwa utaratibu: mtama humiminwa, muhogo hulowekwa, kiazi hupashwa moto taratibu. Mpishi anayeijua sababu hahitaji kungoja apewe kipimo na mtu mwingine. Akikosa kitu kimoja, hujua ni kazi gani iliyokosa mfanyaji, na hutafuta kingine cha kuifanya.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mkate wa ngano tupu hutengenezwa pia siku ya kujaribu mkate wa mchanganyiko?

2. Mwanafunzi ametia uji wa mtama ungali moto sana katika rojo lenye hamira, na rojo halikuumuka. Elezeni sababu, na mpange jaribio la kuithibitisha.

3. Kwa nini kuanika vipande vinene vya muhogo bila kuloweka hakuondoi sumu ya kutosha?

4. Chorueni sufuria ya kupalia na kuonyesha njia ambazo joto hufuata hadi kuufikia mkate.

5. Mchunguzeni mpishi mmoja wa vitumbua mnakoishi. Ni mambo gani anayoyapima kwa macho, kwa mkono na kwa harufu, ambayo darasa lingeyapima kwa saa na rula?